Ulinitazama Ukapita

Frontera Corozal, 5 Juni 2001

Baba yangu,

Nakuamkia kwa heshima. Barua hii nampa Cástulo, mwenzetu wa boti, aje nayo pamoja na wageni wake wa asubuhi. Simu huko magofuni unakolinda na kutembeza wageni haishiki, na habari hii sitaki uipate kwa midomo ya watu wa gatini.

Rufino aliteleza wiki mbili zilizopita akiwa amebeba injini ya boti. Mfupa wa bega umevunjika. Daktari amemkataza kushika kitu chochote kizito mpaka Septemba, na wewe unamjua mwanao, tayari ameshajaribu kupasua kuni kwa mkono mmoja. Boti likikaa bila kutoka, ushirika utampa mtu mwingine zamu yake, na ndani ya nyumba kuna watoto wanne. Tulikaa jikoni watatu, yeye, mkewe na mimi, tukawa tunahesabu nani anaweza kuendesha. Basi nimeshika mimi usukani.

Nimeshawateremsha wageni mara sita na kuwarudisha mara sita. Hakuna aliyelowa kupita viatu.

Najua ulisema nini siku tulipomzika mama. Ulisema mwanamke wa nyumba yako hatashika usukani katika mto huu maadamu wewe unapumua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikaitikia. Kwa hiyo sasa wageni wakipanda ngazi kuja kwako, mimi nabaki gatini kama mwizi. Siku zote sita nimekaa ndani ya boti nikiwasikiliza nyani wakinguruma huko juu, na wewe uko hapo hapo, nami naogopa kuja.

Niandikie neno moja. Hata likiwa kali nitalipokea. Nikilikosa ndipo sitalala.

Binti yako,
Fidelina


Frontera Corozal, 19 Juni 2001

Baba,

Wiki mbili nimesubiri. Kila Cástulo akirudi nilimwuliza, "Umempa?" Ananijibu, "Nimempa mkononi, dada, ameitia mfukoni." Nikasema labda anatafuta maneno. Nikasema labda mvua. Jana nikajipa moyo, nikafunga kamba ya boti na kupanda pamoja na walimu saba wa Puebla.

Nilipokuona umesimama penye mlango wa lile jengo la giza lenye popo, kofia kichwani, nikapita mbele ya walimu. Ulitoka ukaja mpaka mbele yetu. Mimi nilikuwa wa kwanza. Kati yangu na wewe hazikufika hatua mbili. Ulinitazama usoni, baba, ukanitazama kabisa, kisha ukasema, "Karibuni, mabibi na mabwana, humu ndani ni giza na chini kuna utelezi, fuateni sauti yangu." Ukageuka ukapita.

Nilikuwa nimekubebea tamale za chaya, mikate ya mahindi yenye mboga ya majani, zile unazozipenda. Nilikunyooshea mfuko. Uliuacha mkono wangu ukining'inia mbele ya watu. Mwalimu mmoja mama mtu mzima akaona, akaniambia polepole, "Labda hajasikia, mwanangu." Nilikuwa nimenyamaza makusudi nikisubiri wewe ndiye useme kwanza, kwa sababu mimi nilishasema kwenye barua. Na barua yangu niliiona. Imo katika mfuko wa shati lako, kona yake imetokeza.

Nimekufuata nyuma ya wageni uwanja mzima. Ukawasimulia habari za wafalme waliochongwa juu ya milango, ukawagusisha mawe, ukawachekesha. Sauti yako nzuri kama zamani. Kwangu mimi hata kikohozi.

Ungenitukana, ningeshukuru. Mtu humtukana aliye wake. Nimeacha tamale juu ya ukuta, sijui kama umezila au umewapa nyani.

Kesho nitaendesha boti, na keshokutwa. Sitapanda tena.

Fidelina


Magofuni, 24 Juni 2001

Fidelina,

Mkono wa kulia unaniuma kwa unyevu, kwa hiyo ninasema na Nazario anaandika.

Barua zako mbili zimefika. Ndiyo, nilikuona. Ulikuwa umevaa lile gauni lako la bluu. Nilinyamaza kwa kuwa nina hasira, na mtu mwenye hasira mbele ya wageni ni heri afunge mdomo. Usiniulize zaidi ya hapo.

Toka mtoni. Mwambie Rufino amkodishe mtu mwingine boti, hata Cástulo. Mto huo ulimchukua mama yako usukani ukiwa mkononi mwangu. Nilikuwa mtu wa mto, sijanywa, jua liko juu, macho mazima, na ule mti sikuuona. Mimi sikuuona. Wewe utauona kwa jicho lipi?

Tamale nilizila. Zilikuwa nzuri.

Baba yako,
Abelino Peñate


Magofuni, 24 Juni 2001

Fidelina mwanangu,

Hii ni karatasi ya pili ndani ya bahasha ile ile. Baba yako hajui kama ipo. Mimi Nazario ndiye niliyeandika ile ya kwanza, kwa mwandiko mzuri, na ni uongo mtupu. Miaka kumi na moja nalinda magofu haya pamoja naye, sijawahi kuandika kitu kikanichoma vidole kama kile.

Baba yako haoni.

Siyo kwamba haoni vizuri. Haoni. Mwanga anaujua na kivuli anakijua, akisimama mtu mbele yake anajua kuna kitu kimeziba jua. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, yamekuwa meupe kama maziwa yaliyoingia maji. Yalianza miaka mitatu iliyopita, na Pasaka alipokuja kwenu mlidhani anatembea taratibu kwa sababu ya uzee. Hapa kila njia anaijua kwa miguu. Wageni wanamwona anapapasa mawe wanadhani ni heshima kwa wahenga, wanampiga na picha.

Barua yako ya kwanza ilifika mimi nikiwa likizo kwetu Tenosique. Alikaa nayo mfukoni siku kumi na nane. Kumwomba Cástulo amsomee hakutaka, maana gati zima lingejua kesho yake, na habari zingefika ofisini, naye angeondolewa. Kila jioni, ameniambia, alikuwa anaitoa anainusa, kisha anairudisha.

Nilirudi jana. Nikamsomea zote mbili mfululizo. Nilipofika pale uliposema umemnyooshea mfuko akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akainuka akaenda kusimama peke yake upande wa mtoni. Nilimkuta anajipiga paja kwa ngumi. "Alikuwa hatua mbili, Nazario. Mwanangu, hatua mbili, nami namwambia habari za utelezi."

Nikamwambia tumwandikie ukweli. Akakataa katakata. "Akijua sioni atakuja kunichukua, na atakuja na boti. Heri anichukie akiwa nchi kavu." Hilo gauni la bluu amelitunga. Nami nikaandika.

Nakuambia haya kwa sababu nyingine pia. Jumatano iliyopita, kabla sijarudi, alipandisha wageni ngazi kubwa ya juu kabisa. Wakati wa kushuka aliwapisha na kurudi kinyumenyume, mguu mmoja ukawa hewani. Bwana mmoja alimdaka mkanda. Baba yako akacheka akasema alikuwa anawajaribu. Utelezi umezidi, mvua kila siku. Mimi siwezi kumshika mkanda saa zote.

Usimwandikie kwamba unajua. Niandikie mimi.

Nazario


Frontera Corozal, 1 Julai 2001

Baba mdogo Nazario,

Sina gauni la bluu. Siku ile nilivaa suruali ya Rufino na koti lake la mvua. Niliposoma lile neno kwenye barua ya baba nikasema moyoni, huyu mzee anamwona nani? Kisha nikasoma karatasi yako nimesimama, nikaketi hapo hapo chini gatini, watu wakadhani nimeumwa na nge.

Mimi nilimwandikia maneno yale. "Ulinitazama kabisa." Nayafikiria kila nikiwasha injini.

Nimekwenda Palenque kuuliza. Madaktari wa macho wanakuja kupiga kambi kuanzia tarehe 18 Julai, siku nne tu, baada ya hapo mpaka mwakani. Mtoto wa jicho wanamtoa, wengi wanapona. Lakini nesi amesema yakiachwa muda mrefu sana jicho hufa ndani, na hapo hakuna la kufanya. Nimemwuliza miaka mitatu ni mingi? Akasema mpaka waangalie.

Nakuomba hivi. Jumanne tarehe 17 mlete gatini saa tatu asubuhi. Mwambie boti ni la Cástulo, Cástulo mwenyewe atakaa karibu naye na kuzungumza kama ndiye mwenye chombo. Nimeongea naye, ameapa kwa watoto wake. Mimi nitashika usukani kimya. Saa mbili za kupandisha mto sitatoa sauti. Akijua ni mimi hatakanyaga boti, wewe unajua hatakanyaga.

Kwa nini Cástulo asiendeshe? Nimemwuliza. Wiki iliyopita alipiga jiwe penye mkondo wa mawe, boti lake liko juu ya magogo linazibwa. Na ameniambia mbele ya wenzake, "Dada, maji haya ya mwaka huu mimi siyaelewi. Wewe umepita mara ishirini." Walicheka. Yeye hakucheka.

Mimi pia siyaelewi, baba mdogo. Hilo usimwambie yeyote.

Fidelina


Magofuni, 9 Julai 2001

Fidelina,

Amekubali. Imenichukua siku tano na uongo wa aina saba. Mwisho nilimwambia kama haendi mimi mwenyewe nitaiandikia ofisi. Hajasema nami tangu jana, ila leo amenyoa ndevu, akajikata shavuni.

Ameuliza mara tatu, "Una hakika ni Cástulo?" Mara ya tatu niliapa. Mungu anisamehe.

Mto umefika ngazi ya nne ya gati. Mimi sijawahi kuuona ngazi ya nne kabla ya Agosti. Kama tarehe 17 utaona haufai, usije. Tafadhali usije. Lakini basi ni mpaka mwakani. Sijui nakuambia nini, fanya utakavyoona.

Nazario


Magofuni, 20 Julai 2001

Fidelina, au Rufino, au yeyote atakayeifungua barua hii,

Leo ni siku ya tatu sijasikia neno. Tangu boti lenu liondoke Jumanne hakuna boti lililoshuka. Mvua ilianza saa moja baada ya ninyi kukata kona, na haijakoma mpaka leo asubuhi. Gati limezama lote, nimefunga kamba kwenye mti niweze kuona maji yanafika wapi.

Nilimshika mkono mwenyewe nikamwingiza ndani ya boti. Alikaa mbele, kushoto, akashika mbao kwa mikono miwili kama mtoto wa shule. Cástulo akasema kwa sauti kubwa, "Tayari, mzee, naondoka!" na wewe nyuma umefunga kitambaa mdomoni, machozi yanakutoka. Wageni watano, nao hawajui lolote. Nilitaka kupiga kelele niwarudishe. Sikupiga.

Jumanne alasiri nilikuwa nimekaa juu ya ukuta. Nikaona kitu cha njano kinakuja katikati ya mto, kinazunguka. Nikasema ni mti umechanua. Kilipokaribia nikaona ni turubai. Turubai la njano lenye kiraka cheusi. Boti lenu lina turubai la njano, na kile kiraka tulikishona mimi na Rufino mwaka juzi.

Lilipita mbele yangu likaenda.

Nimeangalia mto siku tatu, sili. Nimeona magogo, mbuzi, mlango wa nyumba. Sijaona mtu, na kila nisipoona mtu nashukuru, kisha nasema labda wamepita nikiwa nimesinzia. Mimi ndiye niliyeapa ni Cástulo.

Leo amekuja mvuvi wa upande wa Guatemala kutafuta nyavu zake. Nimempa barua hii na kofia yangu nzuri, ameahidi kuifikisha Corozal kwa njia ya nchi kavu. Kama mko hai niandikieni. Kama hamko, Rufino, uje unipige, sitakimbia.

Nazario


Frontera Corozal, 23 Julai 2001

Baba mdogo,

Tuko hai. Sote wanane. Ningekuandikia mapema, lakini hakukuwa na wa kuleta. Leo maji yameshuka kidogo na boti la kwanza linakuja huko na mchele wako.

Nitakueleza ilivyokuwa. Tulipokata kona ya pili upepo ukatupiga ubavuni, ukaingia chini ya turubai, boti likaanza kuinuka upande mmoja. Nilimwonyesha Cástulo kwa mkono: kata. Akakata kamba zote nne kwa panga, turubai likaruka. Baba akauliza, "Nini hicho?" Cástulo akasema, "Kivuli tu mzee, tumekichoka." Mimi bado kimya.

Tukafika mkondo wa mawe. Mawe hayakuonekana hata moja, yote yamefunikwa, ni maji yanachemka tu. Nikawa nasoma rangi ya maji kama Rufino alivyonifundisha, nikaanza kupita. Hapo ndipo uliponijia mti mzima. Msufi, mizizi mbele, mkubwa kuliko jikoni kwetu, unakuja katikati kabisa. Nikasahau kila kitu. Nilivuta kitambaa nikapiga kelele, "Laleni! Wote chini, shikeni mbao!"

Nilimwona baba akigeuza kichwa. Aliijua sauti. Niliona uso wake wote ukiijua. Nikasema basi, sasa atasimama, atataka kuja nyuma kuninyang'anya usukani, na akisimama tumepinduka.

Alilala. Alilala chini kifudifudi kama wale wengine, shavu kwenye maji machafu ya sakafuni. Baba yangu hajawahi kunitii hata siku moja.

Nikageuza kuelekea ukingo wa Guatemala. Mizizi ilitukwaruza, ikang'oa mbao moja, ikapita. Injini ikanguruma bila kusukuma: pini inayoshika pangaboi la injini imekatika. Maji yakatubeba kurudi nyuma, nikashika matawi, Cástulo akashika matawi, tukaingia ndani ya shamba la mahindi lililofurika, tukasimama. Mama mmoja mgeni alikuwa anasali. Kisha nikasikia baba anasema, bado amelala hapo hapo:

"Fidelina. Pini ya akiba unayo?"

Nikasema, "Ninayo, baba."

"Basi ifunge."

Halafu akatapika, maskini, akatapika mpaka nikaogopa.

Watu wenye shamba wametuweka siku tano, watu wema, wametulisha chapati za mahindi na maharage bila kuchoka. Jioni moja baba aliniuliza siku ile pale magofuni nilivaa nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Mara nyingine nilimkuta analia, nikajifanya nakwenda kuchota maji.

Na kambi ya madaktari, ulikuwa unaniuliza moyoni. Ilifungwa tarehe 21, sisi tukiwa shambani. Tumefika Corozal jana. Lakini nesi yule nilimpigia, amesema daktari mmoja amebaki Palenque kuwaangalia waliopasuliwa, niwahi kabla ya Ijumaa, haahidi kitu. Tunaondoka kwa gari alfajiri hii. Gari linaningoja, samahani kwa mwandiko.

Fidelina


Palenque, 30 Julai 2001

Nazario ndugu yangu,

Naandika mwenyewe, kwa jicho moja, hivyo mistari ikipanda mlima usinicheke.

La kushoto limekufa. Daktari amesema ningekuja mwaka jana lingepona. Sikumwambia mwaka jana nilikuwa wapi. La kulia amelifungua, akaondoa uchafu, akalifunga kwa kitambaa siku mbili, na jana asubuhi amekitoa.

Ofisini nimekwenda mwenyewe, kabla hawajaambiwa. Nimewaeleza yote, hata habari ya yule bwana aliyenidaka mkanda. Hawakunifokea. Wamenipa barua ya kustaafu. Kwa hiyo kazi ni yako mpaka wakupe mwenzio, na ngazi ile ya juu uifunge kamba siku za mvua, tafadhali.

Sasa nikuambie la jana. Daktari aliponitoa kitambaa aliniuliza, "Unaona nini?" Nikaona dirisha. Nikaona koti lake. Kisha nikaona mwanamke amesimama kando ya mlango, mtu mzima, ana mistari hapa na hapa mdomoni, mikono imechubuka, na nywele zake, Nazario, mbele zote ni mvi. Nikamwambia daktari naona chumba, na naona mama mmoja sijui ni nani wa hapa.

Yule mama akasema, "Baba."

Hamkuniambia kama ana mvi. Wewe umemwona mara ngapi, hukuniambia. Macho yangu yamekufa miaka mitatu tu, lakini mvi zile si za miaka mitatu, na nilikuwa naye mezani kila Pasaka na kila Noeli. Nilikuwa naona nini? Mimi miaka kumi na tisa nimemkataza mto msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa analia kaburini kwa mama yake. Msichana huyo hayupo. Aliondoka zamani, na mimi nabishana naye.

Nikamwomba asogee. Akasogea mpaka hatua mbili. Nikamtazama. Alivumilia kidogo kisha akasema, "Baba, inatosha, watu wanangoja kitanda."

Kesho tunarudi Corozal, na keshokutwa ana zamu. Kuna wageni wanane wanataka kuja huko kwako, na vitu vyangu viko huko, na mimi nataka kuja kuvichukua mwenyewe. Maji bado ni mengi. Nimemwambia, "Nitapanda boti lako, lakini naogopa." Nilidhani atanitia moyo.

Akasema, "Hata mimi naogopa, baba. Kila siku." Akaendelea kunifungia mkoba.

Ndugu yako,
Abelino